Moshi wa ekzosi ndani ya gari kongwe: namna ya kuusaka mpaka uishe

Umeendesha gari lako kongwe saa nzima, unashuka, na mtu wa kwanza kukusalimia anarudi nyuma hatua moja. Shati linanuka gereji. Kichwa kinagonga kidogo, lakini unalisingizia jua. Wenye magari ya zamani tuna neno letu la kujifariji: "Ndivyo yalivyo." Sivyo yalivyo. Siku gari hilo lilipotoka kiwandani watu walipanda na nguo zao nzuri wakashuka nazo bila harufu. Kinachoingia leo kinapita mahali palipochakaa, na mahali palipochakaa panatafutwa na kupatikana.

Nimeusaka moshi huu kwenye gari langu na kwenye magari ya rafiki zangu. Kosa nililolifanya mwanzo ndilo ninaloliona kwa karibu kila mtu: kukimbilia silikoni au sailensa mpya kabla ya kujibu maswali mawili yasiyofanana. Moshi unatoka wapi? Na unaingilia wapi? Gari linaweza kuwa na ekzosi nzima isiyovuja popote, na ndani bado kukajaa moshi. Hilo tutalifikia.

Kabla ya kushika spana

Harufu inakera, ila siyo inayoua. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Injini ya kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa), gari likiwa limesimama nayo inanguruma tu, kwa kawaida hutoa moshi wenye gesi hiyo kati ya asilimia 2 na 5. Asilimia 3 ni sehemu 30,000 katika milioni. Linganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya kupumua muda wa saa nane: miligramu 10 kwa kila mita ya ujazo, yaani kama sehemu 9 katika milioni. Moshi kidogo sana unatosha kukupitisha hapo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimo cha kaboni monoksaidi chenye tarakimu, kinachoonyesha hata viwango vidogo. Kengele ya kawaida ya nyumbani haifai peke yake. Zile zinazofuata kanuni ya Ulaya ya EN 50291 zikikuta sehemu 50 katika milioni hulia baada ya dakika 60 hadi 90, na zikikuta 300 hulia ndani ya dakika 3. Safari ya nusu saa inaweza kuisha kengele imenyamaza huku hewa ni chafu.

Mkiwa njiani mtu akaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kulegea, simamisha gari, zima injini, shukeni wote. Aliyezimia au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu nje. Na mpaka kazi hii iishe, usimpakie mtoto kiti cha nyuma: akisinzia huko huwezi kujua kama ni usingizi wa safari au ni kitu kingine.

Majaribio yote yanayohitaji injini iwake yafanyie uwanjani. Mlango wa gereji ulioachwa wazi hautoshi. Ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi, jeki peke yake haiaminiki.

Hatua ya 1: Jua unanusa nini

Moshi wa ekzosi wenyewe huchoma macho na una ukali wa petroli iliyoungua nusu. Ukinusa mafuta ya injini yaliyoungua, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni, angalia kwanza gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini: mafuta yanadondokea manifoldi ya moto (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na kugeuka moshi chini ya boneti. Harufu tamutamu, pamoja na zulia bichi na ukungu kwenye kioo cha mbele, ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita.

Petroli mbichi ni kesi nyingine kabisa, na ni ya haraka, kwa sababu hapo mnazungumzia moto. Usiendeshe. Kagua mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, mpira wa tangi kupumulia, na gasketi ya kifaa cha geji juu ya tangi. Mipira ya zamani hukauka na kupasuka, na petroli ya siku hizi yenye ethanoli huila upesi zaidi. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo kama za tope kavu, badilisha yote, siyo kipande.

Hatua ya 2: Harufu inakuja lini?

Kabla ya kufungua kitu chochote, endesha siku mbili tatu na kipimo chako, vioo vikiwa tayari kushushwa, na uandike. Kweli, chukua daftari. Kumbukumbu hudanganya.

Ikinuka ukiwa umesimama kwenye foleni na kupungua ukiondoka, chanzo kina uwezekano mkubwa kuwa mbele: manifoldi, kiungo cha bomba la kwanza, au pumzi ya injini, yaani mvuke wa mafuta unaotoka ndani yake, inayovutwa na tundu la hewa chini ya kioo cha mbele. Ikinuka pale tu unapofungua hita, umeshajua mlango. Ikinuka ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta, kisha ukikanyaga linatoka wingu la bluu nyuma, injini inapitisha mafuta yake ya kulainishia kwenye valvu.

Halafu kuna ile inayowachanganya watu: hewa ni safi gari likisimama, inachafuka ukienda kasi, na inachafuka zaidi ukishusha vioo ili "kupata hewa". Gari linalofanya hivyo linavuta moshi wake lenyewe kutoka nyuma.

Sababu yake ni hii. Gari linapokata upepo, nyuma yake hubaki eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya hapo huzunguka na kurudi mbele ikikumbatia buti. Mdomo wa ekzosi unamwaga moshi katikati ya mzunguko huo. Sasa shusha kioo cha mlango, au fungua kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele. Upepo unaopita kwa kasi pale unaifyonza hewa ya ndani kwenda nje. Hewa iliyotoka lazima ijazwe, nayo itapita popote penye upenyo, na upenyo mwingi wa gari la zamani uko kwenye buti. Unafungua kioo kujiokoa, kumbe unawasha pampu.

Magari yenye mgongo uliokatwa wima, kama magari ya familia yenye mlango wa nyuma, huathirika zaidi. Datsun 240Z za mwanzo zilikuwa na matundu ya kutolea hewa juu ya mlango wa nyuma wenyewe, na mwaka 1971 yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni. Wamiliki wa magari hayo wanaijua vizuri harufu ninayoisema. Kuendesha na mlango wa nyuma umefunguliwa kwa sababu umebeba mbao ndefu ni kujitafutia balaa.

Hatua ya 3: Tafuta uvujaji injini ikiwa baridi

Fanya asubuhi, kabla gari halijawashwa. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba nyufa zake chenyewe, ndiyo maana manifoldi iliyopasuka hulia "tik tik tik" dakika mbili za kwanza kisha ikanyamaza kama haijafanya kitu.

Mwambie mtu awashe injini. Wewe vaa glovu nene, shika kitambaa kilicholoana, kibane kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache tu. Ekzosi nzima itasukuma kitambaa kwa nguvu na injini itataka kuzima. Ekzosi iliyotoboka itakuonyesha kwa sauti: utasikia mfoko mahali fulani chini. Mpira mwembamba wa maji, mwisho mmoja sikioni na mwingine ukipitishwa kwenye viungo, unakuelekeza mpaka kwenye bolti yenyewe.

Njia nzuri zaidi haihitaji injini kabisa. Chukua mashine ya kufyonza vumbi inayoweza kupuliza, funga mpira wake kwenye mdomo wa ekzosi kwa kitambaa na utepe, ipulize. Kisha pita na chupa ya kunyunyizia maji ya sabuni, kuanzia gasketi ya manifoldi, viungo vyote, mishono ya sailensa, mpaka mwisho. Panapovuja povu linachemka. Kiungo kinachotoa povu dogo jembamba kinaweza kuwa kimewekwa juzi tu na fundi aliyekuapia kwamba kimekaza. Povu halina upendeleo.

Tazama pia masizi. Mchirizi mweusi au wa kijivu unaoanzia kwenye mshono ni saini ya moshi. Gonga sailensa kwa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kikaratasi. Sailensa huoza kutoka ndani, kwa mvuke unaogeuka maji humo kwenye safari fupi, kwa hiyo rangi nzuri ya nje si ushahidi.

Magari ya injini inayopozwa kwa hewa yana sura yao. Volkswagen Beetle hupasha joto hewa ya ndani kwa kuipitisha kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya ekzosi. Bomba likitoboka ndani ya boksi, moshi unaletwa miguuni mwako na feni ya injini yenyewe. Modeli za kabla ya 1963 zilichukua hewa iliyokwisha kupita juu ya silinda, kwa hiyo hata tone la mafuta kwenye injini lilinusika ndani. Kwa gari la aina hiyo, boksi lililooza halibandikwi kiraka. Linabadilishwa, na hita ibaki imefungwa mpaka siku hiyo.

Hatua ya 4: Rekebisha chanzo

Manifoldi ndiyo inayotaka subira. Lowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, kisha jaribu. Stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoishika manifoldi, ikikatika kichwani mwa injini, kazi ya saa mbili inakuwa ya wiki mbili. Ukishaitoa, weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na uangalie mwanga chini yake. Ikiwa imepinda, gasketi mpya itaungua tena baada ya muda mfupi, kwa hiyo ipelekwe ikasawazishwe kwenye mashine. Rudisha kwa nati za shaba, kaza ukianzia katikati kwenda pembeni, na baada ya injini kupata moto na kupoa mara chache, rudia kukaza isipokuwa kama mtengeneza gasketi amekataza.

Viungo vya mabomba paka dawa ya kuziba ekzosi kabla ya kufunga klampu, ukipaka baada ya hapo unapoteza muda. Kagua mipira inayoning'iniza ekzosi: mmoja ukikatika, uzito wote unavuta kiungo cha mbele na gasketi yako mpya inaanza kufa siku hiyohiyo.

Usisahau pumzi ya injini. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1960 yana bomba wazi linaloteremsha mvuke wa mafuta chini ya gari. Ringi za pistoni zikichoka, bomba hilo linafuka kama chungu. Toa kifuniko cha kujazia mafuta injini ikiwaka: mvuke mwembamba ni kawaida, ila ukiona moshi unasukumwa kwa mapigo, tatizo liko ndani ya injini na hakuna mpira wa buti utakaolimaliza.

Hatua ya 5: Mdomo wa ekzosi

Hatua fupi, na mara nyingi ndiyo inayomaliza nusu ya tatizo. Chuchumaa nyuma ya gari. Bomba linaishia wapi? Mabomba ya kubadilishia mara nyingi ni mafupi kuliko ya asili, na ncha yake inabaki chini ya buti. Lazima ipite ukingo wa bampa, kwa sentimita 5 au zaidi, na ielekee chini kidogo au pembeni. Kipande cha bomba na klampu vinatosha. Sipendi mapambo ya kromu, lakini pambo refu linalotoa moshi nje ya bampa nimeliacha likae.

Hatua ya 6: Buti

Hapa ndipo nilipoaibika. Nilibadilisha ekzosi nzima, manifoldi mpaka mwisho, na harufu ikabaki vilevile kama kwamba sijagusa kitu. Wiki mbili baadaye nikaosha gari, nikafungua buti kutoa kitambaa, nikakuta kidimbwi cha maji chini ya taa ya nyuma ya kushoto. Nikaitoa taa. Gasketi yake ilikuwa imekuwa ngumu kama ganda la yai, robo yake haipo, na nyuma yake kulikuwa na tundu la waya ambalo mtu fulani, miaka mingi kabla yangu, alilitoboa na kuliacha. Kidole gumba kinapita. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: panapoingia maji ndipo panapoingia moshi. Mwagia gari maji kwa dakika kumi, kisha ingia na tochi.

Jaribio la pili ni la utepe. Chukua utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ziba kwa nje mstari wote wa buti, kuzunguka taa za nyuma, taa ya kibao cha namba na kifuniko cha kujazia petroli ikiwa kiko nyuma. Gari litachekesha, vumilia. Endesha njia ileile uliyoandika kwenye daftari, vioo vilevile, kasi ileile. Kipimo kikishuka, umethibitisha kwamba moshi unaingilia nyuma. Sasa bandua sehemu moja, endesha tena. Halafu nyingine. Mimi huanza na taa, kwa sababu watu hudhani kosa ni mpira wa buti na mara nyingi si huo.

Kama ni mpira wa buti, usiuhukumu kwa macho. Kata kikaratasi, kiweke juu ya mpira, funga buti, kivute. Kinapaswa kukwama. Rudia kila sentimita 10 kuzunguka. Kinapotoka bila kukataa, hapo hapagusi. Wakati mwingine mpira ni mzima, ni kitasa kimelegea au bawaba imeshuka, na kurekebisha bolti mbili kunatosha. Ukibadilisha, tumia mpira wa gari wenye mwili uliojaa. Sponji laini ya madirishani hunywa maji na kulala bapa baada ya muda mfupi.

Vimpira vya kupitishia waya, vizibo vya sakafu na mpira unaolizunguka bomba la kujazia tangi: vyote vibadilishwe kwa mkupuo, havina bei ya kukusumbua. Lakini matundu madogo chini ya milango na kwenye kingo za chini ya gari yaache. Hayo ni ya kumwaga maji, ukiyaziba unaanzisha kutu. Mwisho, kama kati ya buti na kiti cha nyuma kuna kadibodi tu, weka ubao au bati lililozungushiwa mpira. Moshi ukiingia buti, ubaki huko.

Hatua ya 7: Upande wa mbele

Subiri usiku. Weka taa kali ndani ya chumba cha injini, funga boneti inavyowezekana, kisha ingiza kichwa chini ya dashibodi. Kila nyota unayoiona ni tundu: penye nguzo ya usukani, waya wa klachi, waya wa spidomita, pedali, bomba za hita. Ziba kwa vimpira vipya, na karibu na manifoldi tumia dawa inayostahimili joto. Povu la ujenzi linalojivimbisha usilisogeze karibu na gari: linashika moto na linahifadhi maji.

Kagua ule mpira mrefu chini ya ukingo wa nyuma wa boneti. Kazi yake ni kuizuia hewa ya injini isifike kwenye tundu la hita chini ya kioo cha mbele. Mafundi wengi huutupa wakipaka gari rangi, na hakuna anayeuuliza. Kisha inua kifuniko cha gia: mara nyingi mpira wa chini umechanika na juu umebaki ule wa ngozi wa urembo tu.

Hatua ya 8: Punguza uchafu wa moshi wenyewe

Toa plagi. Masizi makavu meusi maana yake injini inakula petroli nyingi kuliko hewa. Angalia kama choki inarudi mpaka mwisho, kama chujio cha hewa kimeziba, kama kielea cha kabureta kimepanda. Kisha gereji yenye mashine ya kupima moshi ikupangie mchanganyiko kwa asilimia iliyoandikwa na kiwanda. Hii hupunguza harufu sana, ila nimeiweka mwisho makusudi: moshi safi kiasi gani, bado si wa kupumua.

Hatua ya 9: Endesha upime

Washa kipimo nje, kisome sifuri, kisha kifunge usawa wa kichwa, mbali na matundu ya hewa. Endesha mara tatu: vioo vyote vimefungwa na matundu ya hewa ya dashibodi yamefunguliwa, feni ikiwaka, kisha vioo vya mbele wazi, kisha foleni. Ile hali ya kwanza, hewa ikisukumwa kutoka mbele, ndiyo iwe namna yako ya kawaida ya kuendesha. Kwenye foleni subiri nyuma ya gari jingine halafu usonge pembeni, ili usilibebeshe gari lako dhambi za jirani. Mimi sikubali namba inayopanda na kubaki juu nikiwa njia tupu, hata ikiwa ndogo. Narudi hatua ya 6 na utepe wangu.

Baada ya kilomita mia kadhaa, kaza tena nati za manifoldi na pitisha kile kikaratasi kwenye buti. Mpira mpya hulala kidogo wiki za kwanza, na kitasa huenda kikahitaji mzunguko mmoja wa bolti.